Mtaro umekatwa katikati ya mlima huku Mwanza, maji yote yanaishia ukutani kwa bibi jirani. Nani aliidhinisha hili?

Wakuu, heshima kwenu. Hili jambo ninalo kifuani tangu masika na leo nimeona nikilala nalo tena nitaugua. Nipo Mwanza, upande wa Nyamagana, mtaa wa mlimani, kwenye moja ya vile vilima vinavyoshusha maji Mto Mirongo. Mimi ni fundi mwashi, nimeshika mwiko miaka 19, kwa hiyo ninayosema hapa sijasimuliwa.

Tulijengewa barabara ya zege na mtaro pembeni yake. Tulifurahi, watu walichinja mbuzi. Na mtaro wenyewe sitaki kuwaonea waliojenga: una sentimita 60 kwa 60, nondo zipo, zege limeiva vizuri. Unateremka mita 300 na kidogo, unafika nyuma ya nyumba ya bibi mmoja anayeuza dagaa, hapo unakatika. Hauingii kwenye kalavati, haupindi, haukutani na mtaro mwingine. Nondo 4 zimechomoza mwishoni zimeshika kutu, na chini yake kuna shimo lililochimbwa na maji yenyewe. Juzi nimeshuka nikalipima kwa futi: mita 1 na sentimita 20 kwenda chini. Kutoka ukingo wa shimo hadi ukuta wa jiko la bibi ni hatua 2.

Usiku mmoja wa Aprili mvua ilianza kama saa nane. Nilisikia bibi anagonga bati kwa mwiko wa ugali kuita watu. Tulipofika, maji yalikuwa yanaruka kutoka mdomoni mwa mtaro, yanapiga ukuta wa tofali za udongo katikati kabisa, na kila yakipiga ukuta unatoa tope jekundu. Ndani, ndoo za dagaa zilikuwa zinaelea. Wajukuu wake wawili walikuwa wamesimama juu ya kitanda. Bibi hakulia. Aliniambia, "Mwanangu, kabla ya huu mtaro sijawahi kuona maji humu ndani." Anakaa pale tangu kabla sijazaliwa.

Na amesema kweli. Zamani maji ya mlima yalikuwa yanatawanyika, yanapita kwenye viwanja vya watu 40 au 50, kila mtu anapata usumbufu kidogo na asubuhi anafagia. Sasa yamekusanywa yote, yameongezewa kasi kwenye zege laini, yameelekezwa kwa mtu mmoja. Mtaro usio na mwisho ni silaha, na bibi ndiye aliyelengwa.

Kuna atakayekuja kusema mvua ni ya Mungu. Basi tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati inakupa lita 1. Nyumba yenye paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 40, ni lita 4,000. Juu yetu kuna nyumba zisizopungua 300. Hizo ni lita 1,200,000, na bado sijahesabu mawe. Mnaijua Mwanza ilivyo, mlima ni jabali tupu, jabali halinywi maji. Hesabu hii haihitaji digrii. Mtoto wa darasa la saba anaifanya.

Nimekwenda ofisini mara 3. Jina la ofisi silitaji, na zipo ofisi mbili zinazotupiana mpira. Huku unaambiwa barabara si zetu, kule unaambiwa maji ya mvua si yetu. Mara ya tatu nikakutana na mhandisi kijana, ana adabu, akaniamkia, akanipa kiti. Akafungua kompyuta akanionyesha mchoro.

Wakuu, hapa ndipo niliposhikwa na hasira ambayo haijaniisha mpaka leo. Mchoro unaonyesha mtaro wote. Baada ya nyumba ya bibi unaendelea mita 140 hadi mtoni, una ngazi za kuvunja kasi ya maji kwenye mteremko, una kisima cha kunasa mchanga kabla ya kumwaga Mirongo. Kazi safi. Aliyeichora anajua mlima. Ila zile mita 140 zimechorwa kwa vidoti.

Nikauliza, "Mhandisi, vidoti maana yake nini?"

"Awamu ya pili, mzee wangu. Bajeti haikutosha, na kule chini kuna nyumba zinahitaji fidia."

Kwa hiyo walijua! Hawakukosea vipimo wala hawakusahau. Walikaa mezani, wakaona fedha hazifiki chini, wakaona njia ya mtaro inapita kwenye nyumba za watu na fungu la fidia halipo, wakaamua kujenga ya juu na kuacha ya chini. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema anayechukuliwa ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Sasa bibi hajachukuliwa ardhi kwa karatasi, kwa hiyo halipwi kitu. Ardhi yake inachukuliwa na maji, kidogo kidogo, kila mvua.

Saiti yoyote, hata ya choo, fundi anaanza na kujua maji yatatokea wapi. Mtaro unajengwa kutoka chini kupanda juu. Ukiishiwa fedha katikati, umebaki na mtaro mfupi unaofanya kazi. Ukianza juu ukaishiwa, umetengeneza balaa. Saidia fundi wa wiki mbili analijua hili. Inakuwaje ofisi yenye wahandisi waliosajiliwa, yenye mshauri elekezi aliyelipwa, isaini BOQ, ile orodha ya kazi, vipimo na gharama, inayoanzia juu?

Jibu nimelipata kwa mtu aliyewahi kukaa kwenye vikao vya kata, na nalitilia maanani kwa sababu linaelezea mambo mengi ya mji huu. Fedha zikija zinagawanywa ili kila kata ionekane imepata. Huku mita 300, kule mita 250, kule kalavati moja. Kila diwani ana cha kuonyesha. Maji hayajui mpaka wa kata! Yanaanzia kata hii, yanapita ya pili, yanamwaga mtoni kwenye ya tatu. Ukipanga kwa kata badala ya kupanga kwa bonde zima, utajenga vipande miaka 20 na mafuriko yatabaki palepale. Nyamagana na Ilemela kwa pamoja tulivuka watu milioni moja kwenye sensa ya 2022, na wengi tunaishi juu ya mawe haya. Si mji wa kupangwa kwa vipande.

Wala msiniambie wananchi hatuchangii. Kila nikinunua umeme nakatwa kodi ya jengo kwenye LUKU, ilikuwa 1,000 kwa mwezi, tangu 2023 ni 1,500. Bibi naye anakatwa, kwa jengo lilelile linalobomoka. Kila lita ya petroli ina tozo ya barabara, na 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za ngazi yetu. Bodaboda inayopandisha dagaa wa bibi imelipa.

Ninachodai si kikubwa. Mchoro ule na mchanganuo wa gharama vibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, watu waone awamu ya pili ni ya mwaka gani wa fedha na ina shilingi ngapi. Kama haimo kwenye bajeti, tuambiwe haimo. Na kabla ya vuli, pale mtaro ulipokatika pawekwe gabioni, vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, maji yapige jiwe badala ya ukuta. Mawe tunayo, yamejaa mlima mzima. Nguvu kazi tutatoa, mimi mwenyewe nitapanga bila malipo. Tunahitaji waya na mtaalamu wa kusimama pale siku 2 atuelekeze, kwa sababu ukipanga vibaya unahamishia maji kwa jirani wa chini, na huko pia kuna watoto.

Kwa sasa tumempangia bibi viroba 40 vya mchanga. Jua limeshaanza kuvipasua.

Ninayemuomba msaada humu ni yule ambaye mtaa wake ulishapitia haya, iwe Igogo, Mabatini, Kirumba au popote penye mlima, akaandika barua na ikafanyiwa kazi. Uliiandika kwa nani, nakala ulipeleka wapi, uliambatanisha nini? Picha ninazo, vipimo ninavyo, na wajumbe wawili wa mtaa wamekubali kusaini.