Naomba ushauri: nitajuaje utafiti wa lishe unaoaminika?

Habari zenu wakuu. Nipo Mbagala, namhudumia mama yangu mwenye kisukari. Kwenye grupu la WhatsApp la ukoo hazikauki "utafiti umethibitisha": mara mlonge unashusha sukari, mara aache kabisa ugali, hata wa dona. Sasa shangazi anamshawishi apunguze metformini, dawa yake ya kushusha sukari. Hapo ndipo ninapoogopa.

Nimeanza kusoma tafiti zenyewe. Nyingine ni za panya, nyingine za watu wachache kwa wiki chache, tena bila kundi la kulinganisha. Kubwa nyingi zinategemea watu wakumbuke walichokula miezi iliyopita, na nani anakumbuka? Halafu mla mboga sana huenda pia anafanya mazoezi na havuti sigara. Utajuaje kilichomsaidia ni mboga?

Hata zinazoheshimika huwa na kasoro. PREDIMED ya Hispania, iliyohusu mlo wa Mediterania (mboga, matunda, samaki na mafuta ya zeituni kwa wingi) na magonjwa ya moyo kwa watu zaidi ya 7,000, ilichapishwa 2013. Mwaka 2018 ikaondolewa kwa sababu ya dosari katika kuwagawa washiriki kwa bahati nasibu, ikachapishwa upya mwaka huohuo baada ya kuchambuliwa tena.

Wataalamu wa lishe, mnaanza kuangalia nini: mfadhili, idadi ya watu, au muda? Mapitio yanayojumlisha tafiti nyingi yanatosha? Na shangazi nimwelezeje bila kumvunjia heshima? Kliniki ya mama ni Alhamisi, nataka niende na maswali ya maana.