Mama ameshauriwa kumeza kidonge chenye kamera: twende Dar au tusubiri?

Mkazi wa Mafinga

Kamwene ndugu zangu. Naomba ushauri juu ya jambo ambalo familia yetu imelijadili kwa wiki 3 bila kufikia uamuzi. Mama yetu ana miaka 61, na tangu mwaka jana ameongezewa damu mara 2, kwa kuwa damu yake hushuka hadi 6 pasipo sababu inayoonekana. Analalamika tumbo kujaa na kunyonga karibu na kitovu, na mara chache choo chake hutoka cheusi kama lami. Alipimwa kwa mpira wenye kamera kupitia kinywani, tumbo likaonekana salama. Akapimwa tena kupitia njia ya haja kubwa, napo hapakuonekana kidonda wala uvimbe. Sasa daktari bingwa anasema kilichobaki ni utumbo mwembamba, ambao mipira hiyo haiufikii wote, na kwamba njia ya kuuona ni kumeza kidonge chenye kamera, kipimo ambacho ametuandikia rufaa ya kukifuata Dar es Salaam.

Kaka yangu mkubwa yuko tayari kuuza mbao alizokuwa ameziweka kwa ajili ya kuezekea, ilhali mdogo wetu anahofu kwamba kidonge kitakwama. Mama mwenyewe aliuliza swali moja tu: "Hicho kidude kikishaona, kitanitibu?" Nilikosa jibu.

Muuguzi wa Uyole

Poleni kwa kuuguza. Nianze na mama, kwa sababu swali lake ndilo zito kuliko yote: hapana, hakitamtibu. Kidonge hicho, chenye urefu wa takriban milimita 26 na unene wa milimita 11, hupiga picha na kuzituma kwenye kifaa kinachofungwa kiunoni, basi. Hakiwezi kukata kinyama cha kupeleka maabara wala kuziba mshipa unaovuja. Faida yake ni kwamba hupita pale ambapo mpira wa juu unaishia na wa chini hauingii, yaani mita kadhaa za utumbo, na kwa mgonjwa anayepoteza damu huku vipimo viwili vya awali vikiwa safi, rufaa ya namna hiyo ina msingi. Kama malalamiko yangekuwa gesi na kujaa tumbo peke yake, nisingewashauri kupanda basi kwa ajili hiyo.

Hata hivyo, kabla hamjauza mbao, someni tena faili la mama. Je, choo kilipimwa safura? Minyoo hiyo hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo mwembamba na kunyonya damu kidogo kidogo, na humwingia mtu kupitia ngozi ya miguu akitembea peku kwenye udongo wenye unyevu. Mafinga kuna baridi, najua, lakini wenyeji wengi wa huko hushuka Pawaga au Usangu kulima mpunga. Tena, choo cheusi kilianza kabla au baada ya vidonge vya kuongeza damu? Madini ya chuma nayo hukifanya choo kuwa cheusi, ingawa chenye damu hunata, hung'aa na kuwa na harufu ambayo ukishaijua huisahau.

Mzee wa Tukuyu

Mwanangu, mimi nilikimeza, kwa hiyo ninaeleza nilichokiona. Jioni ya kuamkia siku yenyewe nilinywa dawa ya kusafisha tumbo, iliyonikimbiza chooni karibu usiku kucha, na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu kuliko zote. Wiki moja kabla walikuwa wamenisimamisha vidonge vya chuma, kwa maelezo kwamba vinatia weusi ndani ya utumbo na kuziharibu picha. Asubuhi walinibandika vinasa mawimbi tumboni, wakanifunga mkanda wenye kifaa kilichokuwa na taa ndogo inayomweka, nikakimeza kidonge kwa maji. Tonge la ugali wa moto limewahi kunisumbua zaidi. Baada ya saa 2 niliruhusiwa kunywa, baada ya saa 4 kula chakula chepesi, na jioni nikarudisha mkanda. Majibu hayakutoka siku hiyo, kwa kuwa picha huzidi 50,000 na lazima mtaalamu aketi azipitie.

Kwangu walikuta vidonda vidogo vidogo kwenye utumbo mwembamba. Daktari aliniuliza natumia nini kwa ajili ya magoti, nikamtajia diklofenaki, ambayo nilikuwa nikiinunua dukani kwa miaka mingi. Aliisimamisha, na tangu hapo sijaongezewa damu. Mama yako anatumia nini kwa maumivu?

Fundi wa Makambako

Shikamoo mzee. Naomba nitofautiane nawe kidogo, maana usije ukawapa watu matumaini ya kupita kiasi. Ndugu yangu alikwenda, akameza, akaambiwa utumbo ni safi, na miezi michache baadaye akatokwa na damu tena. Kidonge husafiri chenyewe, hakuna anayekigeuza kiangalie nyuma, na kama damu imekoma kuvuja siku hiyo kinaweza kupita juu ya tatizo. Kwa hiyo mmuulize daktari mapema: majibu yakiwa safi, tutafanya nini? Kuhusu bima, msiondoke kwa maneno ya mdomo. Pateni kibali cha maandishi, la sivyo mtajikuta dirishani mkiambiwa mlipe fedha taslimu.

Mkazi wa Mafinga

Shikamoo mzee wangu, na ninawashukuru nyote. Safura hakupimwa, nimelipitia faili lote. Jana usiku nilimsomea mama swali la dawa za maumivu. Alinyamaza, akaingia chumbani, akatoka na kopo la majani ya chai lenye karatasi za diklofenaki, nyingi zikiwa tupu. Anasema ni za mgongo, tangu enzi za kupalilia, na kwamba hakuna daktari aliyewahi kumuuliza. Je, sasa safari ya Dar haina haja tena?

Muuguzi wa Uyole

Aache kuzimeza kuanzia leo, lakini msifute rufaa kabla ya kurudi kwa daktari mkiwa na kopo hilohilo mkononi. Dawa hizo zikitumika kwa miaka zinaweza kuacha makovu yanayoubana utumbo, na kwenye mbano ndiko kidonge hukwama, kiasi cha kuhitaji upasuaji ili kukitoa. Mara nyingi hutoka chenyewe ndani ya siku chache, kwa hiyo hofu ya mdogo wenu si ya kupuuzwa, ila si ya kumzuia mama pia. Kule kunyonga karibu na kitovu mkuseme waziwazi, na mmuulize daktari kama ataanza na kidonge cha majaribio, kile kinachoyeyuka chenyewe kikikwama, au picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta. Kama ameshaugua TB ya tumbo au kufanyiwa upasuaji wa tumbo, mtaje pia. Na akishameza, asipigwe picha ya MRI, ile ya mashine yenye sumaku kali, mpaka ithibitike kwamba kidonge kimetoka.

Choo mkipeleke maabara kesho asubuhi, kikiwa kibichi.