Boti ya rimoti ya betri: nianze na ipi, na chumvi ya Tudor haitaiua?

mgeni_majini: Wadau, salaam. Natafuta boti ya rimoti ya umeme itakayodumu. Nichukue mota ya brashi au isiyo na brashi? Betri seli 2 au 3? Nitaendeshea hori ya Tudor, Mombasa, maji ya chumvi.

fundi_rafadha: Chukua isiyo na brashi, yenye koti la kupozwa kwa maji. Boti iwe ya sentimita 60 hivi, tumbo la V. Ya sentimita 30 hurushwa na kila kiwimbi. Ya matumbo mawili ina mbio, ila ikipinduka hubaki kifudifudi.

Anza na seli 2. Mota ya KV 2000 (yaani mizunguko 2000 kwa dakika kwa kila volti) kwa volti 7.4 za seli 2 ni mizunguko 14,800 kwa dakika bila mzigo. Kwa seli 3 inafika 22,200, na hapo hakikisha kidhibiti mwendo kinakubali seli 3. Betri ya mAh 5000 ikivutwa ampea 40 hukupa dakika 6 tu, maana asilimia 20 ya mwisho huigusi. Chaji kwa ampea 5, juu ya vigae, ukiwa papo hapo. Ukiiweka kabatini iwe volti 3.8 kwa kila seli. Na usiiache ndani ya gari juani!

tezi_na_omo: Chumvi haiui boti, uvivu ndio unaoiua. Ukirudi tu, chomoa shafti ya waya, ifute, ipake grisi ya baharini upya, kisha pitisha maji baridi, yasiyo na chumvi, kwenye mpira wa kupozea. Chumvi ikikaukia humo huziba, na safari ijayo kidhibiti kinaungua. Boti ikitembea, tazama ubavuni: maji lazima yatoke. Yasipotoka, irudishe polepole.

Ukirudisha shafti acha nafasi ya milimita 2 au 3 kati ya kishikio cha rafadha na mkono unaoshikilia shafti. Waya ukikazwa na mota hujikunja na kufupika. Bila nafasi hiyo utasaga na kuchemka. Wengi hulaumu mota bure.

mgeni_majini: Shukran. Na ikizimika katikati?

tezi_na_omo: Mara nyingi ni mwani umejisokota kwenye rafadha. Achia gesi mara moja, usilazimishe. Beba mshipi mrefu wa kuvulia wenye mpira wa tenisi, urushe upande wa pili wa boti, uvute taratibu. Usiifuate kwa kuogelea.

Na chagua maji. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo wa Tudor hubeba boti iliyozimika hadi kwenye mikoko kabla hujafungua mshipi. Nenda siku za maji mafu, yasipojaa wala kupwa sana, yakiwa yamejaa na kusimama, asubuhi kabla upepo haujaamka.

fundi_rafadha: Ongeza: jaza sponji isiyonyonya maji kwenye omo (mbele ya boti), ziba kifuniko kwa tepu pande zote, na antena ikae juu ya usawa wa maji. Mawimbi ya 2.4 GHz hayapenyi majini.