Spesa za shoki za mbele: mlioinua gari, tupeane uzoefu

Wa Mtongwe
Jamani, hamjambo. Nina Fielder, na feri kwangu ni lazima. Kila nikishuka ule mteremko wa Likoni, bampa lakwaruza mlango wa chuma wa feri mpaka watembea kwa miguu wanageuka kuangalia. Juzi lilining'inia upande mmoja, nikalifunga kwa waya. (Msiniambie nizunguke barabara ya Dongo Kundu nisipande feri, mafuta hayo atalipa nani?) Fundi ataka kuniwekea spesa, vile vipande vya kuinulia gari, za inchi moja na nusu. Waliokwisha kuweka, yaliwakuta yapi? Nataka yenu wenyewe, si ya kuambiwa.

Teksi Bombolulu
Mimi nilikimbilia rahisi: zile za mpira zinazobanwa katikati ya mizunguko ya springi. Gari liliinuka, hilo sikatai, lakini springi ikawa haina pa kuchezea. Gumu kama mkokoteni. Nilimbeba bibi mmoja kutoka Kongowea, tuta la tatu akanambia, "Mwanangu, hiki kiuno ndicho nilicho nacho." Wiki ya pili mpira mmoja ukachomoka wenyewe njiani, sijauona hadi leo. Nikautoa na mwenzake.

Mama Demio
Zangu ni za alumini, za juu ya shoki. Raha tupu, gari laini vilevile. Kosa langu ni kutokwenda alaimenti, kunyooshwa magurudumu, nilijiona nimeshatumia pesa za kutosha. Usukani ulikaa umepinda kidogo nami nikauzoea. Kwenda na kurudi Mtwapa kila siku, mwezi haujesha, nikapitisha kiganja kwenye tairi: ukienda huku laini, ukirudi lakwaruza kama msumeno. Tairi mbili mpya hizo, zikaliwa ukingo.

Fundi Changamwe
Kaka wa Mtongwe, spesa ya juu hukaa kati ya maunti ya shoki, kile kishikio chake cha juu, na bodi. Ukifungua boneti utaona nati tatu zimezunguka moja ya katikati. Zinazofunguliwa ni hizo tatu. Ile ya katikati ndiyo inayoishikilia springi ikiwa imebanwa, haiguswi bila kibano cha springi. Gereji jirani kijana aliigusa. Shoki iliruka ikatoboa bati la paa, na kichwa chake kilikuwa hapo sekunde moja kabla. Hata chai hakunywa siku ile.

Pili, sisi twakaa na chumvi. Nati za linki za stebiliza (vile vyuma vya kuzuia gari lisilale kwenye kona) hapa pwani huwa zimeshikana na kutu, ukilazimisha na spana zakatika. Mimi huzimwagia mafuta ya kulegeza jioni, kazi naianza asubuhi. Na boliti za bushi, ile mipira ya maungio, za mkono wa chini unaoshika gurudumu nazilegeza kwanza, nazikaza gari likiwa limekanyaga chini. Ukizikaza tairi likining'inia kwenye jeki, bushi hukaa imesokotwa na haimalizi mwaka.

Inchi moja na nusu kwa Fielder siiweki. Draivshafti, ule mtaimbo unaozungusha gurudumu, hukaa na pembe kali, mpira wake wapasuka, grisi yatoka, mchanga waingia, halafu ukikata kona wasikia ka-ka-ka. Weka moja. Nyuma pia iinuliwe, gari lisije likatazama mbingu.

Prado Nyali
Nyongeza ndogo: msichukue vipimo vya Prado. Shoki yetu ya mbele imeshika katikati ya mkono, si mwishoni, kwa hiyo spesa ya inchi moja juu yainua karibu mbili. Mimi niliweka ya mbili nikidhani nitapata mbili. Kila nikitoka kwenye shimo, chuma kwa chuma.

Wa Mtongwe
Ahsanteni. Nimeweka inchi moja, mbele na nyuma, alaimenti siku hiyohiyo. Leo asubuhi nimeingia kwenye feri nimejikunja kusubiri ule mlio, haukuja. Ila usiku nikirudi napigiwa honi na kumulikwa na kila anayekuja mbele yangu, toka Likoni hadi nyumbani. Wanisalimia?

Fundi Changamwe
Taa zako zawapiga machoni, gari limepanda nazo. Kuna skrubu nyuma ya kila taa. Pita Jumamosi tuziteremshe, hiyo sikulipishi.

Teksi Bombolulu
Fundi, na mimi nije? Safari hii za alumini.