Msichana wangu anasugua meno mpaka fizi zinatoka damu. Madoa ya kahawia yatatoka kweli?

MamaAkinyi_Lanet

Hamjambo nyote. Mimi ni mzaliwa wa Kisumu, nimeolewa huku Nakuru, na watoto wangu wawili wamezaliwa hapa hapa Lanet. Meno yangu ni meupe. Ya msichana wangu wa miaka 14 yana madoa ya kahawia, hasa yale mawili ya mbele juu. Baba yake, ambaye amekulia Njoro, anayo vilevile na hajawahi kuyajali.

Shida ilianza likizo ya Agosti tulipokwenda kwa dani (bibi) yake Nyalenda, Kisumu. Binamu zake wakamuuliza mbele ya watu kama Nakuru hakuna miswaki. Tangu siku hiyo akicheka anafunika mdomo kwa kiganja. Asubuhi namsikia bafuni anasugua, anasugua, hata maji ya chai yanachemka yeye bado yuko huko. Nimekuta kopo la mkaa uliosagwa nyuma ya ndoo, na vipande vya ndimu. Karai ina damu. Juzi amekataa chungwa kwa sababu fizi zinamchoma.

Naomba kuuliza: hayo madoa ni uchafu unaotoka? Na kwa sababu ya damu, aache mswaki kwanza fizi zipone? Halafu nina kijana wa miaka mitatu. Ploti yetu inatumia maji ya kisima. Nitamkinga vipi yeye?

FundiMatangi_Njoro

Pole, Mama Akinyi. Mimi kazi yangu ni kufunga mifereji na matangi, kwa hiyo nitajibu la maji, la fizi wenye ujuzi watalijibu.

Hayo madoa yanaletwa na floraidi, madini yanayoyeyuka kwenye maji. Maji ya chini ya ardhi huku yanapita kwenye miamba ya volkano na kuibeba. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Bonde la Ufa vinapita hapo. Maji ya Ziwa Victoria hayana tatizo hilo, ndiyo sababu wewe na hao binamu mna meno meupe. Hao binamu hawakumshinda msichana wako usafi.

Wengi wanaamini kuchemsha kunasaidia. Floraidi haipandi na mvuke. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki, kwa hiyo hayo yaliyobaki yanakuwa nayo zaidi kidogo. Dawa ya kuua viini pia haiigusi. Kinachoiondoa ni vichujio maalumu, kama vile vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambavyo mradi wa maji wa Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru umetengeneza na kusambaza huku kwetu. Njia nyingine ni kutumia maji ya mvua.

Kwa kijana wako, tenga maji ya mvua ya kunywa na kupikia peke yake. Kufua, kuoga na kuosha vyombo, endelea na kisima. Paa liwe safi, mvua ya kwanza ya msimu iache imwagike, tangi liwe na kifuniko, na hayo ya kunywa yachemshe kwa ajili ya viini. Na kama unapika mboga kwa magadi, ujue magadi ya mawe nayo yana floraidi nyingi.

Shosho_wa_Bahati

Mama Akinyi, nilifanya kazi ya afya ya kinywa katika vituo vya kaunti hii mpaka nikastaafu, na wasichana kama wako walikuja kwangu wengi sana. Kabla ya mswaki na dawa, kaa naye leo jioni umwambie kwamba yeye si mchafu. Madoa hayo yako ndani ya ganda la jino. Yaliingia wakati jino lilipokuwa likijengeka ndani ya taya, akiwa mtoto mdogo, na hakuna mswaki wala unga utakaoyafikia. Anachosugua sasa ni ganda lenyewe na nyama ya fizi yake.

Mkaa unakwaruza. Ndimu ina asidi inayolainisha ganda, kisha mkaa unaliondoa likiwa laini. Ganda la jino likiisha halioti tena, na ufizi ukirudi nyuma haupandi wenyewe. Chini ya ganda kuna tabaka lenye rangi ya manjano, kwa hiyo akiendelea hivyo atapata meno ya manjano zaidi, na maji baridi yataanza kumpiga. Majivu na mchanga ni hivyo hivyo. Hilo kopo litoke bafuni, lakini mweleze kwanza. Msichana wa umri huo ukimnyang'anya kitu bila maneno atakificha mahali pengine.

Sasa damu. Asiache mswaki! Hili naliandika kwa herufi zangu zote kwa sababu nimeona fizi nyingi zikiharibika kwa huruma ya namna hiyo. Ukingoni, pale jino linapokutana na nyama, hukaa utando wa vijidudu, ukoga huu tunaousikia kwa ulimi asubuhi. Mwili unapambana nao, nyama inavimba, ukiigusa inavuja damu. Ukiacha kusafisha, ukoga unaongezeka na uvimbe unazidi. Na msichana wako ana mambo mawili kwa pamoja: amejichubua, na bado ana ukoga, maana anayesugua kwa hasira husugua uso wa mbele anaouona kwenye kioo, huku ukingo na upande wa nyuma vikiachwa.

Mnunulie mswaki wenye nywele laini. Usipotaja, dukani watakupa wa kati au mgumu, kwa hiyo soma paketi. Aushike kwa ncha za vidole kama anavyoshika kalamu, asiukamate kwa ngumi, na nguvu zitapungua zenyewe. Nywele zielekee kwenye fizi kwa mshazari, nusu ziguse jino na nusu ziguse ufizi. Atikise kidogo kidogo hapo hapo, kisha ahamie meno mawili yanayofuata. Asisahau upande wa ulimi, hasa nyuma ya meno ya mbele ya chini, kwa kuwa mate hutokea karibu na hapo na ukoga huganda kuwa jiwe upesi. Dakika mbili zinatosha. Katikati ya meno mswaki haufiki, huko apitishe uzi wa meno mara moja kwa siku. Uzi huo unapatikana kwenye maduka ya dawa mjini na hata supamaketi, na kipande cha urefu wa mkono kinatosha.

Halafu kuna usiku, na hapa ndipo penye uzito. Nyumba nyingi nilizotembelea hupiga mswaki asubuhi tu, kwa ajili ya watu watakaokutana nao kutwa. Usiku wanalala na chai na mandazi mdomoni. Mate ndiyo yanayosafisha asidi na kulirudishia jino madini yake, na tukilala mate hupungua sana. Kwa hiyo mswaki wa usiku ndio wenye uzito zaidi kuliko wa asubuhi. Baada yake ni maji tu. Na ateme povu bila kusukutua kwa vikombe vya maji, ili dawa ya meno ibaki ikifanya kazi.

Mkifanya hivyo, damu inatakiwa kupungua waziwazi ndani ya wiki mbili. Isipopungua mpeleke aonwe, kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita PGH, au kwa daktari wa meno yeyote aliyesajiliwa. Ukoga uliokwisha kuwa jiwe hautoki kwa mswaki hata wa mwezi mzima, ni lazima ukwanguliwe kwa vifaa. Wala asione aibu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa 2015 ulikuta zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima waliopimwa wana fizi zinazotoka damu.

Na madoa yana matibabu. Daktari anaweza kulipunguza tabaka la juu kabisa kwa kipimo, au kulifunika jino kwa kijazio chenye rangi ya meno. Fizi zipone kwanza. Hizo dawa za kung'arisha meno zinazouzwa kwenye simu asinunue hata moja.

Otieno_Kondele

Shosho, asante kwa maelezo. Mama yangu ana ugonjwa wa sukari na meno yake yanalegea moja baada ya jingine. Hasikii maumivu, anasema ni uzee. Baba alikuwa mvutaji wa sigara, fizi zake hazikutoka damu hata siku moja, tukajua yeye ndiye mwenye fizi nzuri nyumbani. Alifariki akiwa na meno matano. Kuna uhusiano wowote?

Shosho_wa_Bahati

Upo, mwanangu, na pole kwa baba. Sigara hubana mishipa midogo ya damu kwenye fizi. Ugonjwa unaendelea chini chini na ile damu ambayo ingemshtua mtu haionekani.

Kwa mama usikubali neno la uzee. Fizi zikiugua muda mrefu, mfupa unaoshika meno huliwa, na mfupa huo haurudi. Mara nyingi hauumi kabisa. Sukari ikiwa juu mwili unashindwa kupambana na vijidudu vya fizi, na fizi zenye ugonjwa nazo zinafanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Mpeleke wiki hii, na aseme mapema kwamba ana sukari na dawa anazotumia. Meno yaliyobaki yanaweza kuokolewa. Akiwa na meno ya bandia, yatolewe usiku na kupigwa mswaki kama mengine.

Na hapo nyumbani tazameni chai. Kijiko kimoja cha sukari ni kama gramu 4. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku, na afadhali abaki chini ya 25. Vikombe vitatu vya vijiko vitatu vitatu tayari ni gramu 36, na hujanywa soda. Kwa meno, hesabu pia ni mara ngapi. Kila sukari inapoingia, vijidudu hutoa asidi, na kinywa huchukua nusu saa au zaidi kutulia. Mwenye kuweka kikombe mezani na kukionja asubuhi kutwa, au mtoto anayetembea na muwa kutoka sokoni hadi nyumbani, jino lake halipati nafasi ya kupumzika. Kunywa chai yako na chakula, uimalize.

Hassan_Bondeni

Sisi nyumbani tunatumia mswaki wa mti, ule unaouzwa nje ya msikiti. Babu yangu ana miaka zaidi ya 80 na anatafuna mahindi ya kuchoma. Naona watu wanausahau.

Shosho_wa_Bahati

Babu anafanya vizuri, Hassan. Ukiutafuna ncha ikawa nyuzi nyuzi laini unasafisha vizuri, mradi apite ndani na nyuma, maana wengi huishia meno ya mbele. Akate ncha iliyochakaa kila siku atengeneze nyingine. Mimi ningeongeza dawa ya meno yenye floraidi usiku.

MamaAkinyi_Lanet

Shosho, Mungu akubariki. Nimekaa naye jana. Alilia kwanza, akaniuliza mara mbili kama ni kweli si uchafu. Kopo amelitupa mwenyewe. Leo tumenunua miswaki laini ya nyumba nzima, na baba yake amesema naye atapiga usiku.

Ila sasa umenichanganya kidogo. Floraidi ndiyo iliyoharibu meno yake, na bado unatuambia dawa yenye floraidi. Kwa huyu mdogo si nitamwongezea? Na Fundi, hiyo ya magadi imenigusa. Sisi apoth (mboga ya mrenda) bila magadi hatuili.

Shosho_wa_Bahati

Swali zuri sana. Madoa huletwa na floraidi inayomezwa wakati meno yanajengeka. Ikipakwa juu ya jino lililokwisha kutoka, hulikinga lisioze. Msichana wako na ninyi wazazi, meno ya mbele yamekwisha kujengeka, tumieni dawa ya kawaida bila hofu. Na meno yenye madoa huoza kama mengine, yasipotunzwa.

Kwa mdogo hatari ni kumeza. Dawa yake iwe kama punje ya mchele, akimaliza huu mwaka wake wa tatu na kujua kutema vizuri ndipo ufikie punje ya minji. Wewe ndiye uweke na wewe ndiye umpigie, ukae nyuma yake akiegemeza kichwa kwako. Mikono ya mtoto haiwezi kazi hiyo peke yake mpaka miaka saba au minane. Chupa ya uji mtamu au maziwa asilale nayo. Ukimpeleka dada yake kuonwa, mchukue naye, na umwambie daktari mnatumia maji ya kisima, akuamulie dawa inayomfaa.

FundiMatangi_Njoro

Apoth mchotee mtoto yake kabla hujatia magadi, ninyi wakubwa muendelee.

Na kabla ya kununua tangi, mwombe mwenye ploti karatasi ya vipimo vya kisima. Kisima kikichimbwa huwa maji yanapelekwa maabara, na floraidi ni moja ya vitu vinavyoandikwa. Ikiwa chini ya 1.5 umejiokolea gharama. Akisema hana, jazeni chupa safi ya plastiki, si ya kioo, mkaipime wapangaji wote kwa pamoja, maana watoto wa hiyo ploti wanakunywa bomba moja.