Nataka kumweka kiongozi mwenza kwenye akademia ya osteopathia, nianzie wapi?

Mkunjo78: Wakuu, habari za jioni. Nipo Uingereza, naendesha akademia ndogo ya kuwaendeleza wataalamu wa osteopathia (tiba ya mikono kwa mifupa na misuli): kozi za wikiendi za shingo, kiuno, watoto wachanga. Ni kampuni ya hisa na mkurugenzi ni mimi peke yangu. Kazi imenielemea, nataka mwenza tugawane nusu kwa nusu. Naombeni hatua za kufuata. Usingizi sipati.

Pingili: Hatua ni fupi. Azimio, ridhaa yake kwa maandishi, kisha fomu AP01 ya kumteua mkurugenzi iende Companies House, msajili wa makampuni, ndani ya siku 14. Kinachouma ni hiyo nusu kwa nusu. Kumwondoa mkurugenzi kunataka zaidi ya nusu ya kura za wanahisa, na notisi ya siku 28. Kwa 50 kwa 50 hakuna anayefika huko, na kura ya mwenyekiti ya kuvunja sare ni ya kikao cha wakurugenzi tu. Mpe 49, au mkataba wa wanahisa useme mapema mkikwama nani anamnunua mwenzake na bei inapangwaje.

Mama Kanuni: Mimi nauliza vyeti. Osteopathi aliyesajiliwa anatakiwa saa 90 za kujiendeleza kila miaka 3, angalau 45 akijifunza na wenzake. Ndicho wanachokulipia. Nani atasaini vyeti? Nani atajibu malalamiko? Kila kazi jina moja. Ukiandika "wote wawili", hakuna atakayeifanya.

Kobe Mzee: Mafahali wawili zizi moja, na wanafunzi ndio nyasi 😂

Pingili: Mkuu, huyo mwenza amesajiliwa na General Osteopathic Council, baraza linalosajili maosteopathi hapo Uingereza?

Mkunjo78: Amesomea Marekani, ana DO.

Pingili: Sijauliza hivyo.

Mkunjo78: Hajasajiliwa. Lakini hatagusa mgonjwa, ni kufundisha na kusimamia tu. Tovuti nimeshabadilisha, ameandikwa "osteopathi na mkurugenzi mwenza". Fomu nilituma juzi. Na hisa nimeshamwahidi, ni shemeji yangu, narudije nyuma?

Mama Kanuni: Kumbe ushauri ulikuja kuutafutia baraka. Jina "osteopathi" linalindwa Uingereza na sheria ya 1993. Kujiita hivyo bila kusajiliwa ni kosa la jinai, awe ameshika mgongo wa mtu au hajashika. Ushemeji haumo kwenye sheria.

Kobe Mzee: Hii chai. Tangu 18 Novemba 2025 mkurugenzi mpya lazima athibitishe utambulisho wake apewe namba binafsi. Mleta uzi katuma fomu juzi na namba hajaitaja popote. Ongeza sukari.

Tingatinga: Nami nimeshtuka. DO wa Marekani ni daktari kamili, anaandika dawa, anafanya upasuaji. Toka Still, mwanzilishi wa osteopathia, afungue shule Kirksville, Missouri, mwaka 1892, wenzetu wamefika mbali. Daktari mzima aache hospitali aje kugawana kozi za wikiendi?

Pingili: Herufi hizo mbili zisiwazuzue. Marekani ni shahada ya udaktari, kwingine ni diploma tu. Cheti chake kinasemaje, na ni cha chuo gani?

Mkunjo78: Si chai, namba anayo. Cheti nimekiona kwa picha, WhatsApp. Jina la chuo lilikatika pembeni.

Kobe Mzee: 😳

Pingili: Futa lile neno kwenye tovuti usiku huu, hisa usihamishe hata moja. Kesho mwombe cheti kizima, kisha uandikie chuo chenyewe.