Kutazama mijusi na nyoka hifadhini: nigeuze mawe?

Mgeni_Porini: Wakuu, nikiwa hifadhini naweza kugeuza mawe ili niwaone?

Babu Kenge: Acha kabisa! Chini ya jiwe kuna unyevu na joto lake. Ukilirudisha vibaya, maficho yameharibika. Nenda asubuhi, jua likianza kupasha miamba, wenyewe hutoka kuota jua. Kaa mbali na darubini yako. Kivuli chako tu kikimwangukia mjusi, huyo kashapotea.

Tulia: Na usimkimbize. Akikata mkia, amepoteza akiba yake ya mafuta.

Mgeni_Porini: Picha je?

Babu Kenge: Piga, ila zima lokesheni ya kamera ya simu kabla hujapiga, maana picha hubeba mahali ulipopigia hata ukizirusha. Wezi wa kobe nao wako mtandaoni, tena wanazichungulia kuliko sisi.